Neno "pumzika" liandikiwe kipimo kama zinavyoandikiwa dawa

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika safu ya barua za wasomaji nizungumzie neno moja ambalo ukurasa wenu wa afya hulitumia karibu kila juma, nalo ni neno "pumzika". Nimeusoma ukurasa huo kwa miaka mingi na nimenufaika nao; lakini kila makala inayohusu maumivu ya mgongo, goti, bega au shingo inapokaribia mwisho, ushauri huwa ule ule, kwamba mgonjwa apumzike vya kutosha na akizidiwa amwone daktari. Vidonge vikitajwa, mwandishi hueleza ni vingapi, mara ngapi kwa siku na kwa siku ngapi. Pumziko halipewi kipimo chochote. Msomaji huachwa aamue mwenyewe kama "vya kutosha" ni jioni moja au ni mwezi mzima, na mimi ni mmoja wa walioamua vibaya.

Miaka sita iliyopita, nikiwa na umri wa miaka 54 na bado nafundisha, niliinama kunyanyua boksi la madaftari, nikahisi kiuno kimekaza ghafla kama kamba iliyovutwa. Nilifika hospitali nikitembea upande. Picha ilipigwa, na aliyeisoma aliniambia maneno mawili ambayo sijayasahau: pingili zimesagika. Nilipewa dawa za kutuliza maumivu, karatasi moja ya mazoezi ambayo nitaieleza baadaye, na maagizo kwamba nilalie godoro gumu, nisiiname, nisinyanyue kitu, nipumzike mpaka maumivu yaishe. Sikuuliza lolote, kwa sababu mtu aliyekwisha kuambiwa kwamba mifupa yake inasagika hana hamu ya kuijaribu. Nililala siku 19.

Maumivu makali yalipungua katika juma la kwanza, kama yanavyopungua kwa wagonjwa wengi wa namna yangu hata wasipofanya jambo la maana. Lakini mimi sifa zote nililipa godoro, nikaendelea kulala. Kufikia juma la tatu nilikuwa nakwenda msalani kwa kushika ukuta, mapaja yakitetemeka, na soksi nilivalishwa na mwanangu. Ugonjwa nilioingia nao kitandani ulikuwa wa kiuno. Niliotoka nao ulikuwa wa mwili mzima.

Kilichoniudhi baadaye ni kugundua kwamba jambo hili lilikuwa limekwisha kupimwa zamani. Mwaka 1986 madaktari wa Marekani walichapisha matokeo ya jaribio lao kwa wagonjwa 203 wenye maumivu ya mgongo, ambao baadhi yao waliambiwa walale siku 2 na wengine siku 7. Walioagizwa siku 2 hawakuwa na hali mbaya kuliko wenzao, ila siku walizokosa kazini zilikuwa pungufu kwa asilimia 45. Miaka 20 kabla ya hapo, mwaka 1966, vijana 5 wenye afya, wa umri wa miaka 20, walilazwa kitandani kwa majuma 3 mjini Dallas ili watafiti waone mwili hufanya nini mtu asipojongea. Vijana hao walipopimwa tena wakiwa na miaka 50, ilionekana kwamba majuma yale 3 ya ujana yalikuwa yameupunguza uwezo wa miili yao kufanya kazi nzito kuliko miaka 30 ya kuzeeka ilivyoupunguza. Mimi nililala siku 19 nikiwa na miaka 54, na hesabu hiyo sijataka kuimalizia.

Sababu yake haihitaji elimu ya udaktari kuielewa. Gegedu linalofunika ncha za mifupa katika goti na nyonga halina mishipa ya damu. Hupata lishe yake kutoka kwenye ute wa kiungo, na ute huo huingia na kutoka pale kiungo kinapobanwa na kuachiwa, mfano wa sifongo ndani ya maji. Zile sahani laini zilizo kati ya pingili za mgongo nazo, kwa mtu mzima, hutegemea zaidi utaratibu wa namna hiyo. Damu ya miguuni hurudi juu kwa msaada wa misuli ya vigimbi, ambayo kila inapokaza huikamua mishipa na kuisukuma damu kuelekea moyoni. Ndiyo maana miguu ya mtu aliyekaa safari ndefu huvimba. Mfupa usiobeba uzito hupoteza madini yake, na mfano unaojulikana zaidi ni wanaanga, ambao wakikaa angani miezi kadhaa bila mazoezi ya kutosha hupoteza takribani asilimia 1 hadi 1.5 ya madini ya mfupa wa nyonga kila mwezi. Kitanda si anga, lakini mfupa hauoni tofauti kubwa.

Niruhusu nirudi kidogo kwenye yale maneno mawili, kwa sababu nayo yana sehemu yake katika siku zile 19. Mwaka 1994 watafiti wa Marekani waliwapiga picha za mgongo watu 98 ambao hawakuwa na maumivu yoyote, na wakakuta kwamba asilimia 52 kati yao walikuwa na sahani iliyobenuka walau sehemu moja. Watu hao walikuwa wakitembea, wakifanya kazi na kulala usingizi wao bila habari. Sisemi kwamba picha hazina kazi, wala sisemi kwamba maumivu yangu yalikuwa ya kufikirika. Ninachosema ni kwamba picha ya mgongo wa mtu wa makamo karibu siku zote itaonyesha kitu, na mgonjwa akielezwa kitu hicho kwa neno la kutisha, hatathubutu kuinama tena. Neno "kusagika" lilinilaza kwa muda mrefu kuliko maumivu yenyewe.

Kwa mtaalamu wa tiba ya viungo sikwenda kwa hiari. Nilipelekwa na mke wangu, aliyekuwa amechoka kuniinua. Nilidhani ninakwenda kuchuliwa, hivyo nilipoingia nilianza kufungua vifungo vya shati. Yule binti akacheka kwa adabu, akasema, "Vaa shati lako, mwalimu, leo atakayefanya kazi ni wewe." Picha yangu niliyokuja nayo aliiweka mezani bila kuitoa kwenye bahasha. Alisukuma kiti kisicho na mikono hadi ukutani, akashika saa, akaniambia nikunje mikono kifuani, niinuke nisimame wima kisha niketi, mara tano, upesi niwezavyo. Mara ya kwanza na ya pili niliinuka. Ya tatu mikono ilitoroka yenyewe ikaenda kusukuma mapaja. Ya tano niliipata kwa kuegemea mbele kama mtu anayetafuta kitu sakafuni, na saa ilisoma sekunde 31. Baadaye nilijifunza kwamba mtu mzima wa umri mkubwa anayetumia zaidi ya sekunde 15 kwa zoezi hilo huhesabiwa kuwa karibu zaidi na hatari ya kuanguka.

Kisha aliniuliza swali ambalo hakuna aliyewahi kuniuliza: ninaweza kutembea dakika ngapi kabla maumivu hayajaanza? Nikamwambia dakika 8, labda 9. Akaandika dakika 5. Nilipomuuliza kwa nini anipunguzie, alieleza kwamba mazoezi huanzia chini ya kiwango cha kuumiza, yakapandishwa polepole, kwa sababu mgonjwa anayeanzia kwenye kilele chake hulala siku mbili na kuhitimisha kwamba mazoezi hayamfai. Karatasi aliyonipa ilikuwa na mistari minne, kwa mwandiko wa kawaida, kama cheti cha dawa. Nitembee dakika 5, mara 4 kwa siku. Niinuke kwenye kiti mara 6, nipumzike dakika 1, nirudie mara 2. Nisikae zaidi ya dakika 30 bila kusimama. Maumivu yasizidi 3 kati ya 10, na kesho yake asubuhi yawe yamerudi yalipokuwa. Yasiporudi, nipunguze nusu, nisiache.

Mhariri, hapo kwenye mstari wa pili ndipo nilipoliona neno "pumzika" likiwa na kipimo kwa mara ya kwanza maishani mwangu. Dakika moja.

Sasa ile karatasi ya hospitali. Ilikuwa nakala ya nakala, yenye vikaragosi vinane vilivyolala, vilivyochuchumaa na vilivyosimama, na chini yake pameandikwa "fanya kila siku". Kimoja kilikuwa kimelala chali, magoti juu, kikiinua nyonga kutoka sakafuni. Zoezi hilo nilikuwa nimelijaribu kitandani mara mbili tatu, likaniumiza shingo, nikaliacha. Binti yule aliponitaka nimwonyeshe nilivyokuwa nalifanya, aliona papo hapo kwamba nilikuwa nasukuma kwa kisogo badala ya visigino. Alinigusa kisigino kwa kidole, akasema, "Sukuma hapa," na nyonga ikapanda kama ya mtu mwingine. Karatasi haina macho ya kumwona anayekosea, na kumkabidhi mgonjwa karatasi mlangoni kisha kuandika kwenye faili kwamba amefundishwa mazoezi ni sawa na mimi kugawa kitabu darasani na kujaza kwamba mada imefundishwa. Nimekaa darasani miaka 35. Ujanja huo naujua.

Nilimwona mtaalamu huyo mara 5 tu katika muda wa miezi 3. Kazi nyingine yote ilifanyika nyumbani, na hili ndilo ambalo watu wengi hawalielewi kuhusu tiba ya viungo. Wanaifikiria kuwa ni kukandwa, mgonjwa amelala na mtu mwingine anatoa jasho. Kosa hilo lina asili yake, maana hata wataalamu wenyewe walianzia huko: chama chao cha Uingereza kiliundwa mwaka 1894 na wauguzi wanne, kikiwa chama cha wachuaji waliofunzwa. Lakini tawi jingine la mti huo ni la zamani zaidi, kwani mwaka 1813 Per Henrik Ling alianzisha mjini Stockholm taasisi ya mazoezi ya viungo, ambako mwendo wenyewe ndio uliokuwa tiba. Kuchua kunatuliza, na mimi sikatai kuchuliwa. Ila misuli haipati nguvu kwa kukandwa, kama mwanafunzi asivyopata hesabu kwa kumtazama mwalimu akizifanya ubaoni.

Wala tiba hii si ya viuno peke yake. Mgonjwa wa kiharusi anayejifunza upya kushika kijiko, mtoto mwenye mtindio wa ubongo anayefundishwa kukaa, mama aliyejifungua ambaye misuli ya sakafu ya nyonga imelegea na anaona aibu kusema kwamba mkojo unamtoka akikohoa, mtu aliyefunguliwa hogo akakuta kifundo hakikunji, aliyetoka chumba cha wagonjwa mahututi akiwa hawezi kupanda ngazi mbili: wote hao wana kazi ya kufanya na mtaalamu huyu. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba watu bilioni 2.4 wana hali za kiafya ambazo huduma za utengamao, yaani za kumrudishia mtu uwezo wa kufanya shughuli zake, zingewasaidia, na kwamba maumivu ya kiuno peke yake yaliwapata watu milioni 619 mwaka 2020, yakiwa ndiyo yanayoongoza duniani kwa kuwaondolea watu uwezo wa kufanya shughuli zao. Wagonjwa wa namna hii ndio wasomaji wenu.

Kwa wasio wagonjwa nitasema kwa ufupi, maana ukurasa wenu umelieleza jambo hili vizuri mara kadhaa. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2020 unawataka watu wazima wapate kwa juma dakika 150 hadi 300 za mwendo wa wastani, ule unaomruhusu mtu kuzungumza lakini si kuimba, au nusu ya muda huo kwa mwendo wa nguvu, pamoja na mazoezi ya kuimarisha misuli siku 2 au zaidi. Wenye miaka 65 na kuendelea wameongezewa mazoezi ya kusawazisha mwili siku 3. Dakika 150 ni 21 na ushei kwa siku, na sharti la zamani kwamba kila kipande kifike dakika 10 ndipo kihesabiwe limeondolewa katika mwongozo huo. Ninaomba tu mwandishi wenu aache kuwatisha watu kwa hatua 10,000. Idadi hiyo ilivuma kutokana na kifaa cha kuhesabia hatua kilichouzwa Japani katikati ya miaka ya 1960, ambacho jina lake lilimaanisha kipimo cha hatua elfu kumi, haikutoka maabara. Asiyefika 10,000 asidhani kwamba 4,000 zake zimepotea bure.

Mfano ninaoupenda zaidi kuhusu mwendo wa kila siku hauna hata mtu mmoja aliyevaa nguo za mazoezi. Mwaka 1953 daktari Jerry Morris na wenzake walichapisha uchunguzi kuhusu wafanyakazi wa mabasi ya ghorofa ya London. Madereva, waliokaa kwenye usukani kutwa nzima, walipatwa na ugonjwa wa mishipa ya moyo zaidi kuliko makondakta, ambao kazi yao iliwapandisha na kuwashusha ngazi za basi wakikata tiketi. Basi lilikuwa lile lile, na njia ile ile.

Kuna neno jingine ambalo hutumika badala ya "pumzika" mgonjwa akishakuwa na mvi, nalo ni "ni uzee tu". Nililisikia katika chumba cha kusubiri cha yule mtaalamu wa viungo, ambako bibi mmoja aliyekuwa akijifunza kuinuka kwenye kiti kama mimi aliniambia kwamba alikuwa ameambiwa hivyo kwa miaka mitatu. Mwaka 1990 yalichapishwa matokeo ya majuma 8 ya mazoezi ya kunyanyua uzito waliyofanya wazee dhaifu wa umri wa miaka 90 hivi, waliokuwa wakiishi katika nyumba ya kutunzia wazee nchini Marekani. Walianza 10, wakamaliza 9, na nguvu za mapaja yao ziliongezeka kwa wastani wa asilimia 174. Kama msuli wa mtu wa miaka 90 bado unasikia ukiambiwa, sioni ni kwa ushahidi gani mtu wa miaka 60 huambiwa akubali yaishe.

Nisieleweke vibaya. Sipingi pumziko, na sishauri mtu mwenye mfupa uliovunjika, kiungo kilichovimba na kupata moto, au homa kali atoke kwenda kutembea. Zipo pia dalili ambazo si za mazoezi wala za kulala bali za kukimbilia hospitali siku hiyo hiyo: mwenye maumivu ya kiuno akishindwa kuzuia au kutoa haja, akipata ganzi katikati ya mapaja, au mguu ukimwishia nguvu. Maumivu yaliyoanza baada ya kuanguka vibaya, yanayoambatana na homa au kupungua uzito bila sababu, au yanayompata mtu aliyewahi kuugua saratani, nayo yachunguzwe mapema kabla ya kuanza zoezi lolote. Mambo haya yangeweza kuwekwa katika kisanduku kidogo pembeni mwa kila makala ya mgongo, na sijapata kukiona.

Ombi langu kwa ukurasa wa afya, basi, ni dogo. Mwandishi anapofika kwenye neno "pumzika", aandike siku ngapi, na katika siku hizo mgonjwa afanye nini: ageuke vipi kitandani, atembee dakika ngapi, lini aanze kurudia shughuli zake, na maumivu ya kiasi gani yasimtishe. Asipojua, amuulize mtaalamu wa tiba ya viungo kabla ya kuchapa, kama anavyomuuliza mfamasia kuhusu kipimo cha dawa. Na pale anapoandika "amwone daktari", aongeze kwamba mgonjwa anaweza kumuuliza daktari huyo kama kuna mtaalamu wa viungo wa kumpeleka kwake, kwa sababu wengi wetu hatukujua kwamba swali hilo linaulizika.

Ile karatasi ya mistari minne ninayo bado, imebandikwa ndani ya mlango wa kabati. Dakika 5 zimekatwa zikawa 8, zikakatwa zikawa 12, kisha 20, mpaka nafasi ya kuandikia ikaisha. Mstari wa kiti haujakatwa hata mara moja. Leo asubuhi nimeinuka mara tano kwa sekunde 11. Mwandishi wenu akipenda kuiona ilivyoandikwa, nitaileta ofisini mwenyewe.

Msomaji wenu,
Mwalimu mstaafu